Mishipa yako sio bomba la sinki, mjomba

Jumapili nimeenda Mikindani kwa mjomba, nakuta chupa ya chai imejaa maji ya moto na ndimu, iko pembeni ya kiti chake utadhani dawa kaandikiwa na daktari. Katumiwa kwenye grupu la WhatsApp: eti kolesteroli inaganda kwenye mishipa kama mafuta ya nyama kwenye bomba la sinki, ukinywa maji ya moto inayeyuka unaikojoa. "Mpwa wangu, we si mtu wa maabara, hebu wathibitishie hawa." Yani! Mwezi huu tu nimeshaielezea hii dirishani kwetu, mtu kashika karatasi yake ya majibu, mpaka koo limekauka. Kwaiyo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Maji ya moto kwanza: yanapoa tumboni, damu yako inabaki kwenye nyuzi 37 uliyozaliwa nayo. Tumemaliza hapo.

Kinachoniudhi hasa ni hilo sinki. Mafuta hayajagandia kwenye njia ya damu, yako NDANI YA UKUTA wa ateri. LDL, zile chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, inapenya utando wa ndani unaogusana na damu, inanasa humo ukutani, inaharibika kwa oksijeni, makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, zinaingia zinaila, zinakula mpaka zinafura, ukiziangalia kwenye hadubini zimejaa matone ya mafuta kama povu la sabuni, na ndo zinaitwa seli za povu. Sinki halina mtu ndani anayekula. Mshipa unaye.

Sasa kwa nini makrofaji haishibi? Hapa ndo patamu. Wanasayansi Brown na Goldstein kule Marekani walishaonyesha kipokezi cha LDL cha kawaida, yani mlango wa seli unaoingiza LDL, kina adabu, seli ikishajaa kolesteroli inavipunguza vipokezi vyake. Lakini kuna watu wanazaliwa bila hicho kipokezi kinachofanya kazi, na bado makrofaji zao zimejaa mafuta tele. Yanapitia wapi? Mwaka 1979 wakachukua LDL wakaibadilisha kwa kemikali, wakazipa makrofaji, zikaifakamia. Kumbe kuna mlango mwingine, na huo ndo tunaita vipokezi vya kuzoa taka. Siku hizi viko vingi, SR-A, CD36, LOX-1 na ndugu zao, majina kama pleti namba za bodaboda, usihangaike nayo.

Nilimwambia mjomba hivi, maana yeye ni mtu wa korosho: kipokezi cha LDL ni karani wa chama cha msingi, ghala likijaa anafunga daftari, rudini kesho. Kipokezi cha kuzoa taka ni karani asiyejua kukataa, korosho mbovu, zenye maji, zenye mawe, yeye anapokea tu mpaka ukuta wa ghala unapasuka. Akacheka, akasema huyo anamjua.

Ila msimtukane huyo karani. Kazi yake ni usafi, anazoa seli zilizokufa, anazoa bakteria, bila yeye ungekuwa jalala linalotembea. Na kuna ndugu yake, SR-B1, yuko kwenye ini anapokea kolesteroli inayoletwa na HDL, ile wanayoiita kolesteroli nzuri. Panya wakinyimwa huyo, HDL inapanda juu na mishipa inaharibika vilevile, kwaiyo we unayenionyesha HDL kubwa kwa furaha, tulia kidogo.

CD36 ndo ananichanganya zaidi. Huyohuyo anayezoa mafuta mabovu ndo chembe nyekundu za damu zenye falsiparamu, kimelea cha malaria, zinamng'ang'ania kwenye kuta za vimishipa vidogo, ndo maana kwenye slaidi za wagonjwa wetu naona riingi tu, yani vimelea vichanga vyenye umbo la pete, wakubwa wameshajificha. Sasa mtu asiye na CD36, malaria kali inamkosa au inampata zaidi? Waafrika wasio naye wapo, wamechunguzwa, na matokeo yanapingana.

Na hata hii hadithi yangu ya LDL kuharibika kwa oksijeni ina tobo. Kama oksijeni ndo mchawi, vitamini E ingetuokoa, si inazuia? Wakajaribu kwa maelfu ya watu, jaribio la HOPE likatoka mwaka 2000, moyo haukufaidika chochote. Panya walionyimwa SR-A na CD36 nao, maabara moja inasema vidonda vya mishipa vimepungua, nyingine inasema wapi. Mi naamini karani yumo kwenye kesi, ila kama ndo mshtakiwa namba moja siwezi kuapa.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akamwaga ile ndimu, nikarudi zangu mjini nimeridhika. Jana saa nne usiku kanifowadia nyingine, safari hii kitunguu saumu.