Mwelekezi si mtoa maelekezo

Jumamosi iliyopita, kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu pale Kisasa, hapa Dodoma, mshereheshaji alimwinua mpwa wangu mbele ya ukumbi. Kijana amemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka jana na ana miezi saba kwenye kampuni moja ya ushauri. "Huyu mnayemwona ni mshauri mwelekezi," akatangaza. "Ndiye anayewaelekeza mawaziri wetu kule Mtumba, mji wa serikali." Makofi yakapigwa. Kabla keki haijakatwa, shangazi mmoja alikuwa ameshamvuta pembeni: kiwanja chake cha Nzuguni kina mgogoro wa mpaka, basi mwanangu mwelekeze Waziri aumalize. Kijana alikosa la kujibu, akabaki kunitazama mimi. Kosa hili la kumdhani mshauri mwelekezi kuwa mtoa amri nimelisikia mara nyingi mno, na safari hii limemwangukia mtoto.

Maana yenyewe ni fupi. Mshauri mwelekezi ni mtu au kampuni inayolipwa na taasisi, kwa mkataba wa muda, ichunguze tatizo lililotajwa na kupendekeza la kufanya. Akishughulika na muundo wa taasisi, mikakati, mapato na utendaji, huyo ni mshauri wa masuala ya menejimenti. Anayekaa na aliyefiwa au na wanandoa waliokosana ni mnasihi, kazi nyingine kabisa.

Linalotupoteza ni hilo neno la pili. Kuelekeza kuna sura mbili. Mgeni akishuka stendi ya Nane Nane akakuuliza Soko la Majengo liko wapi, unamwelekeza: panda daladala ile, shukia pale, kisha uliza tena. Miguu ni yake na nauli ni yake. Akibadili nia akaenda Makole, hajakukosea kitu. Hii ndiyo elekeza iliyomo ndani ya mwelekezi.

Lakini mji wetu ni mji wa serikali, na serikalini kitenzi hichohicho kimepata uzito mwingine. Waziri akielekeza, mjadala umekwisha. Maelekezo ya viongozi ni amri, na mtumishi asiyeyatekeleza huandikiwa barua ajieleze. Mkazi wa Dodoma husikia elekeza hii asubuhi na jioni kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo akiambiwa "mshauri mwelekezi" anamwona mtu mwenye rungu.

Barabara nazo zimechangia. Kwenye miradi kama barabara yetu ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, mkandarasi husimamiwa na mhandisi mshauri, na watangazaji humwita huyo naye mshauri mwelekezi. Yeye kweli ana mamlaka. Mkataba wa ujenzi unamruhusu kumwambia mkandarasi afumue tabaka lisiloshindiliwa vizuri, alirudie. Ila mamlaka hayo amepewa na mwenye mradi, tena juu ya mkandarasi tu. Mshauri wa menejimenti hana hata hayo. Akigundua kwamba idara mbili zinafanya kazi moja, anaandika. Kuziunganisha au kuziacha ni juu ya Katibu Mkuu na walio juu yake.

Mji huu wenyewe ni ushahidi. Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ilitoa mpango kabambe wake mwaka 1976. Wakanada walichora mji, lakini kuhama tulikuwa tumeshaamua wenyewe miaka mitatu kabla. Kabla ya hapo kulikuwa na Madaraka Mikoani ya 1972, mpango wa kupeleka madaraka ya serikali kuu mikoani, ambao kampuni ya McKinsey ya Marekani ilishauri namna ya kuupanga. Kwa mpango huo serikali ilizifuta halmashauri, na zilirudishwa kikamilifu kwa sheria za Bunge za 1982. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Shauri lilikuwa lake, naye alilibeba.

Na hilo neno shauri ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi uliozaa pia shura, jina la sura ya 42 ya Kurani. Kamusi za kale za Kiarabu zinaeleza kwamba kitenzi cha mzizi huohuo, shara, kilitumika kwa kurina asali, yaani kuitoa mzingani. Mtu wa kanda ya kati aliyekulia asali ya Manyoni na Itigi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mrina asali hatengenezi asali. Anapanda mti, anafukiza moshi, anatoa kilichowekwa na nyuki, anakichuja. Na mzinga una mwenyewe. Kiswahili kikalichukua neno kikalipa maana ya jambo lenye mwenyewe vilevile: mahakamani kuna mashauri ya madai, na tukimwambia mtu "shauri yako" tunamkabidhi uamuzi pamoja na matokeo yake.

Sasa itazame kazi ya mpwa wangu. Cheo chake ni mchambuzi. Kabla ya kazi kuna zabuni: kupandisha nyaraka kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, kufuatilia wasifu na vyeti vya wataalamu wakuu, kuhesabu siku za kila mmoja. Wasifu wake mwenyewe hauhesabiwi, maana alama zinakwenda kwa wenye uzoefu. Zabuni ikishinda wanashika hadidu za rejea, ambamo mteja ameandika anataka nini. Hadidu nalo ni neno la mipaka, na timu haiivuki mipaka hiyo bila mteja kukubali.

Kisha ni safari, Chemba au Mpwapwa, na kishikwambi mkononi. Anawauliza watumishi wa halmashauri na wanavijiji maswali yaleyale arobaini. Afisa mtendaji aliyekaa kwenye kata miaka mingi mara nyingi anaujua ugonjwa na dawa yake, isipokuwa alichokijua hakijawahi kuandikwa kikafika juu. Hapo ndipo penye asali. Jioni, gesti, anasafisha takwimu: kuna aliyejaza umri wa miaka 340, kuna kijiji kimoja kilichoandikwa kwa tahajia tatu. Saa tano usiku kiongozi wa timu anamrudishia slaidi ya nne, na kikao cha wadau ni saa tatu asubuhi. Kikaoni anakaa nyuma akiandika nani kasema nini. Rasimu inarudi na maoni, inakwenda tena, inarudi tena. Malipo hutoka mteja akiipokea ripoti. Mimi nilipoanza kazi hiihii niliwahi kungoja miezi minne huku mwenye nyumba akihesabu siku.

Kwenye kampuni kubwa za London na New York, mhitimu huingia kwa cheo kinachofanana na hicho, na asiyepanda ngazi baada ya miaka michache huombwa atafute kwingine. Hapa kwetu mikataba ya wengi huisha mradi unapoisha. Hata hivyo naiheshimu sana kazi hii. Kijana wa miaka ishirini na minne anajifunza kumsikiliza mtu saa nzima, kisha kuyaweka aliyoyasikia, bila kumsingizia aliyeyasema, katika mistari mitatu ambayo Katibu Mkuu ataisoma hadi mwisho. Wapo wazee waliofanya kazi maisha yao yote bila kulipata hilo.

Mshereheshaji, ndugu yangu, najua ulisema kwa upendo. Safari nyingine sema, "Huyu ni mchambuzi kwenye kampuni ya ushauri elekezi." Ukumbi utapiga makofi vilevile. Na wewe shangazi, mgogoro wa mpaka hupelekwa ofisi ya ardhi ya Jiji, ukiwa na barua ya kiwanja na risiti zako zote. Kijana amesema Jumatatu ana nafasi. Atakuelekeza ofisi ilipo.