Siku ya rasimu, raba zikae kabatini: dhana potofu kuhusu barua ya kirafiki shule ya msingi

Wiki iliyopita nilikaa tena na walimu wa Kiswahili katika kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), na kabla chai haijamiminwa nikasikia maneno yaleyale ninayoyasikia kila muhula: "Huyu mtoto hajui kuandika, ona alivyokatakata." Mwalimu alikuwa ameshika daftari la mtoto wa Darasa la Tano. Nikaliomba, nikalisoma. Ukurasa ule uliojaa mikato ulikuwa na barua nzuri kuliko zote zilizokuwa mezani. Mtoto aliandika "babu anaumwa", akakata. Akaandika "babu hatoki nje siku hizi", akakata tena. Mwisho akaandika "babu siku hizi anaota jua mlangoni tu, hafiki hata kwenye mwembe."

Alipewa 4 kwa 10. Mwenzake aliyenakili barua ya ubaoni bila doa alipata 9.

Nimefundisha barua ya kirafiki miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuwalea walimu wanaoifundisha. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtoto anaadhibiwa kwa kufanya jambo lilelile tunalotaka ajifunze.

"Anayejua kuandika huandika mara moja, tena safi"

Huu ndio mzizi wa fitina, kwa hiyo nitakaa nao.

Somo huwa hivi. Mwalimu anaandika ubaoni "Mwandikie rafiki yako barua", anaorodhesha sehemu zake, na baada ya dakika 40 anakusanya madaftari. Ndani ya kipindi hicho kimoja mtoto anatakiwa afikirie atamwambia rafiki yake nini, apange kipi kitangulie, akumbuke kwamba "hata" ina h, aweke kituo, aanze sentensi kwa herufi kubwa, asitoke nje ya mstari, na mwandiko upendeze. Hata mtu mzima angelemewa. Mtoto wa miaka kumi analitua lililo zito zaidi, ambalo ni kufikiri, anabaki na yale anayojua yatampatia alama: usafi na tahajia. Kisha anaandika: "Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Sentensi hiyo nimeisoma mpaka naiota. Haina kosa hata moja, na haina mtu ndani yake.

Ukweli ni kwamba kuandika kuna hatua, na kila hatua ina siku yake: kupanga, kuandika rasimu, kupitia, kuhariri, kunakili, kutuma. Siku ya kupanga mtoto hahangaiki na tahajia. Anaamua tu anamwandikia nani na ana habari gani. Siku ya rasimu anamwaga yote. Nasisitiza hasa kupitia na kuhariri, kwa sababu walimu wengi wanazifanya kitu kimoja. Kupitia ni kuuliza kama msomaji ataelewa na kama kuna kilichosahaulika. Kuhariri ni kushughulikia herufi, alama na maneno yaliyotenganishwa vibaya. Ukianza na kuhariri, mtoto anasafisha sentensi ambazo huenda kesho zisiwepo kabisa, na akishazisafisha hataki tena kuzigusa.

Nitoe mfano wa msichana mmoja niliyemfundisha Darasa la Tano. Rasimu yake ya kwanza, kwa shangazi aliyehamia Mwanza, ilisema hivi:

"Shangazi mpendwa, mimi ni mzima, hofu ni kwako. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa nyumbani hatujambo na mifugo haijambo. Sina mengi, naishia hapa."

Sikushika peni. Nilimpa jirani yake wa dawati kazi moja: aisome kwa sauti, kisha aulize maswali matatu ambayo shangazi mwenyewe angeuliza. Akauliza: "Mifugo gani? Nani anaichunga siku hizi? Shangazi anamjua mbuzi yupi?" Yule msichana akaanza kumsimulia, haraka haraka, na mikono juu. Nikamwambia, hayo unayomwambia, yaandike. Rasimu ya pili ilikuwa hivi, tahajia nimeirekebisha:

"Shangazi, yule mbuzi mweusi uliyeniachia amezaa mapacha. Mmoja hawezi kunyonya, mama anamnywesha maziwa kwa chupa ya soda. Mimi ndiye ninayeamka saa kumi na moja kumshikia. Bado hatujampa jina, tunakungoja wewe."

Yeye aliandika "awezi" na "ana mnywesha". Hayo tuliyashughulikia kesho yake kwa dakika kumi. Kama ningeanza nayo siku ya kwanza, mbuzi huyo asingetokea kamwe.

Ndiyo maana nina sharti ambalo nimebishana nalo na walimu wengi na sijalegeza: siku ya rasimu, raba zote na ile dawa nyeupe ya kufutia wino zikusanywe, ziwekwe kabatini. Mtoto akikosea akate kwa mstari mmoja, aendelee. Mwenye raba hubaki kwenye mstari wa kwanza kipindi kizima, anaandika neno, analifuta, anapuliza vumbi, analiandika tena, mpaka karatasi inatoboka. Aliyekata kwa mstari mmoja anaweza kurudi kwenye neno aliloliacha akaona kumbe lilikuwa zuri, na wewe mwalimu unaona jinsi alivyofikiri. Waruke mstari mmoja kila wanapoandika, ili kuwe na nafasi ya kuongeza neno juu. Na rasimu ziwe kwenye daftari lake, hata likiwa la karatasi zilizoandikwa upande mmoja na kushonwa kwa uzi.

Walimu huniambia wanaogopa mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, atakayefungua madaftari na kukuta mikato. Andika juu ya ukurasa "RASIMU 1" na tarehe, kisha "RASIMU 2" na tarehe, na uziweke hatua hizo kwenye andalio la somo. Sijakutana na mthibiti ubora aliyeendelea kulalamika baada ya kuziona hizo mbili kando kwa kando.

Najua pia dhana hii inakopata nguvu. Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji katika mtihani wa Darasa la Saba imekuwa ikimpa mtoto sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa herufi A, B, C na D. Mtoto anaweza kupata alama zote hapo bila kutunga sentensi hata moja. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu anaona hakuna haja ya rasimu. Lakini mtoto aliyewahi kuhamisha sentensi zake mwenyewe, akaona barua inanyooka, huzipanga zile nne kwa urahisi, kwa sababu anajua sentensi hutangulia au hufuata kwa sababu gani. Anayefundishwa kubahatisha herufi tu hushindwa palepale mpangilio unapokuwa mgeni kwake.

Na kwa wazazi: mtoto akirudi na daftari la rasimu, msimkaripie kwa uchafu. Mwambieni awasomee. Tena msimwandikie. Barua ya "nachukua fursa hii adhimu" kutoka kwa mtoto wa Darasa la Nne naitambua tangu mstari wa kwanza, na mtoto mwenyewe nikimuuliza maana ya "adhimu" anainamisha kichwa.

"Kwanza wajue sehemu zote za barua, kuandika kutafuata"

Sehemu za barua ya kirafiki ni kazi ya kipindi kimoja. Anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, mwanzo, kiini, mwisho, jina. Barua ya kirafiki ina anwani moja, barua rasmi ina mbili. Nimekuta madarasa yaliyotumia wiki tatu kuchora mishale kwenye barua ya mfano, watoto wakataja sehemu zote kwa wimbo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika barua kwa mtu aliye hai.

Umbo lina sababu, na mtoto akiambiwa sababu hasahau. Anwani ipo ili ajibiwe. Tarehe ipo kwa sababu "jana" ya kwenye barua haitakuwa jana siku itakaposomwa. Jaribuni: msomeeni mtoto barua isiyo na tarehe inayosema "keshokutwa nakuja", mumuulize ampokee mgeni lini.

Nisieleweke vibaya kuhusu salamu. Kuna walimu vijana wanaotaka kuzifuta kabisa, waseme mtoto aingie kwenye habari moja kwa moja. Hapana. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu ni utovu wa adabu. Wazee wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu walikuwa na mianzo mirefu ya heshima, na "baada ya salamu, nakuarifu" ndipo habari ilipoanza. Lakini salamu zile zilimtazama mtu: cheo chake, umri wake, undugu wake. Mtoto amsalimu bibi kwa shikamoo, rafiki kwa mambo, na amuulize bibi kuhusu goti lake analolijua. Hiyo ni salamu yenye mtu ndani.

"Mwalimu mzuri husahihisha kila kosa"

Daftari linalorudi likiwa jekundu kuanzia juu mpaka chini halisomwi. Mtoto hutazama alama, hulifunga. Chagua kosa moja au mawili kwa darasa zima kwa kila barua. Mwezi huu ni h: "hata", "huyu", "hawezi". Mwezi ujao ni kuunganisha: "anasoma", sio "ana soma". Kisha r na l. Mengine yaache yapite, na ninamaanisha yaache. Badala yake andika swali moja pembeni, kama msomaji: "Huyo mbuzi alipona?"

"Darasa la watoto 90 haliruhusu mambo haya"

Linaruhusu, ila si kwa mtindo wa kukusanya yote siku moja. Soma rasimu 15 kwa siku. Siku sita za shule umemaliza 90. Aliyesomwa leo anapitia kesho, na wengine bado wanapanga. Msomaji wa kwanza wa kila mtoto ni jirani yake wa dawati, na yeye hagharimu kitu. Vipindi vitano vya dakika 40 vinatosha barua moja kamili. Barua mbili zilizokamilika kwa muhula zinamfundisha mtoto kuliko kumi na mbili za kukusanya na kutia vyema.

"Watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili ni wadogo mno"

Mmarekani Donald Graves na wenzake walikaa miaka miwili, kuanzia 1978, katika shule ya msingi moja huko New Hampshire, wakiwatazama watoto wa miaka sita hadi kumi wakiandika. Waliwakuta wadogo hao wakichagua mada zao, wakiandika, wakirudi kubadilisha. Kwetu mtoto wa Darasa la Kwanza aliye katikati ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anachora mama yake anasonga ugali, anaandika chini "mama anasoga", anakuambia kwa mdomo yaliyobaki nawe unayaandika. Hiyo ni rasimu. Imetosha kwa umri wake.

"Barua zimekufa, kila mtu ana simu"

Nani kasema? Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukiendesha shindano la kimataifa la kuandika barua tangu 1971, kwa vijana wa miaka 9 hadi 15, na kila mwaka huwa na mada mpya. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia 1931 hadi 1958. Zilitunzwa, na leo zinasomwa kama kitabu. Ujumbe wa simu wa mwaka jana, ni nani anao?

Ila sababu yangu ya kuishikilia barua iko karibu zaidi na darasa. Ni aina pekee ya utungaji ambayo mtoto anamjua msomaji wake kwa jina. Ukimwambia aandike insha kuhusu "Umuhimu wa Maji", anamwandikia nani? Wewe, ambaye unajua tayari. Shangazi hajui kuhusu mbuzi. Kwa hiyo mtoto analazimika kueleza, na hapo ndipo anaelewa kwa nini tunapitia rasimu.

Kwa hiyo barua lazima itumwe, na hapa sikubaliani na walimu wanaozibandika ukutani wakahesabu kazi imekwisha. Tafuta shule nyingine, hata ya kata jirani, mkabidhiane barua za darasa zima kwenye bahasha moja ya kaki. Inaweza kwenda kwa posta, kwa kondakta wa basi, au kwa mwalimu anayekwenda semina. Andika orodha ya majina, mkubaliane na mwalimu wa upande wa pili kwamba kila mtoto atajibiwa, na mpange tarehe ya majibu, isizidi wiki tatu. Kabla hujafunga bahasha, hesabu barua mara mbili. Mwaka mmoja nilituma 62 nikapokea majibu 61, na yule mmoja aliyekosa alisimama mlangoni kwangu kila mapumziko kwa siku nne, mpaka niliposafiri mwenyewe kwenda kuifuata yake.