Jumba la shamba la enzi za akina George

Ni makao ya tajiri mwenye ardhi, yaliyojengwa Uingereza au Ireland kati ya 1714 na 1830, walipotawala mfululizo wafalme wanne walioitwa George. Utalitambua kwa ulinganifu wake: mlango katikati, madirisha marefu ya kupandisha na kushusha, idadi sawa kulia na kushoto. Wasanifu walifuata kanuni za Andrea Palladio, Mwitalia wa karne ya 16 aliyejifunza kwenye magofu ya Roma. Nje kumetulia, urembo uko ndani, hasa nakshi za plasta darini.

Majumba mengi, hata hivyo, ni ya zamani zaidi na yalivishwa uso mpya tu. Hartwell House, karibu na mji wa Aylesbury, Uingereza, upande wake wa kaskazini ni wa mwanzoni mwa karne ya 17. Wa mashariki ni kazi ya msanifu Henry Keene, takriban 1760. Kata kona moja tu na umevuka zaidi ya miaka mia. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Jumba hilo lilikuwa na mpangaji wa ajabu. Kuanzia 1809 aliishi humo Louis wa 18, mfalme wa Ufaransa aliyekuwa uhamishoni, pamoja na watu wake zaidi ya mia moja. Vyumba vikubwa viligawanywa vipande vipande, kuku na sungura wakafugwa juu ya paa. Mkewe Marie Joséphine alifia humo 1810. Mwaka 1814, ndani ya maktaba, Louis alitia saini kukubali taji la Ufaransa.

Kilichoyaangusha majumba haya ni pesa. Tangu miaka ya 1870 ngano rahisi kutoka Marekani ilishusha bei ya mazao, na kodi walizolipa wakulima wapangaji zikashuka nazo. Mwaka 1894 ikaja kodi mpya ya mirathi, kisha vita viwili vya dunia. Katika karne ya 20 mamia yalibomolewa. Hartwell lilipona: likawa shule, na mwaka 1989 likafunguliwa kama hoteli.

Naamini hoteli ni hatima inayoyafaa, maana tangu mwanzo yalijengwa kupokea wageni na kuwalaza. Tatizo ni mabafu. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale hairuhusu utoboe ukuta au ukate nakshi upendavyo, kwa hiyo bafu huingizwa kwenye chumba kidogo cha kuvalia cha zamani, na vyumba vya bei moja huweza kutofautiana kabisa kwa ukubwa.