Muwasho na harufu ukeni: usimeze dawa kabla hujajua unatibu nini

S: Dada, niko Uyole, huko chini nawashwa balaa na uchafu unatoka mzito kama maziwa mgando, duka la dawa wamenipa dawa ya UTI lakini wapi.

J: Pole sana mdogo wangu. UTI ni ya njia ya mkojo, hiyo yako inafanana zaidi na fangasi, na antibayotiki ndo zinawapa fangasi nafasi maana zinaua na bakteria wazuri wanaoulinda uke. Dawa ni klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku, ya miligramu 500 unaweka mara moja tu, au unameza flukonazoli kidonge kimoja cha miligramu 150. Mjamzito asimeze flukonazoli, aende kliniki apewe ya kuweka. Ikirudi mara 4 kwa mwaka kapime sukari na VVU.

S: Mi siwashwi ila natoa harufu ya samaki, hasa nikimaliza kukutana na mume wangu. Nimekuwa mchafu?

J: Hapana mama, na hili linaniuma kweli maana wengi wanaona aibu wanaanza kujiosha mpaka ndani kwa sabuni, ndimu, wengine magadi, kumbe ndo wanaharibu zaidi. Ni bakteria wa humo humo ukeni, wale wazuri wamepungua na wengine wakazidi. Nje osha kwa maji, ndani paache. Dawa yake ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7, umalize zote hata harufu ikikata siku ya tatu, na pombe, iwe ulanzi au kimpumu, weka pembeni kwanza. Metronidazoli haigusi fangasi, ndo maana kuazimana dawa na jirani hakufai.

S: Na mume anatibiwa?

J: Kwa trikomona, ugonjwa mwingine wa ukeni, lazima. Huo unaambukizwa kwa ngono, uchafu unakuwa wa njano au kijani, saa nyingine una povu, na mwanaume mara nyingi haoni dalili yoyote, kwa hiyo ukimeza peke yako anakurudishia.

S: Nitajuaje ni ipi?

J: Kwa macho tu tunakosea sana, hata sisi wa kazi hii. Nenda kituo cha afya wachukue ute kidogo waangalie kwenye darubini, haichukui muda. Ila ukiwa na homa, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, nenda leo hii.