Laptopu nzito inayojizima sio lazima iwe na virusi

Jamani hii ya kila laptopu ikiwa nzito basi "ina virusi, piga Windows upya" inawatia watu hasara bure. Unamlipa fundi, anapiga Windows, inakaa poa kidogo halafu inarudi kulekule, maana tatizo lilikuwa kwenye mashine yenyewe sio kwenye programu.

Inayojizima ghafla bila meseji yoyote, hasa ukiwa unacheza gemu au umeiweka juu ya godoro, mara nyingi ni joto. Prosesa (ile chipu inayofanya kazi zote za mashine) ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi inajipunguza spidi yenyewe isiungue, ndo unaiona nzito, ikizidi hapo inazima kabisa. Fungua kifuniko cha chini uangalie pale feni inapopulizia, utakuta vumbi limegandamana kama blanketi na ile pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Isafishwe, ipakwe pesti mpya.

Kama haizimi ila inaganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, uangalie pale palipoandikwa Disk. Ikikaa 100% muda wote na hujafungua kitu cha maana, na ni "hard disk" ya zamani ile ya kuzunguka, ishuku, na ikianza kugongagonga hamisha mafaili yako leo leo, tafadhali, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kupiga Windows kwenye diski inayokufa ndo unaimalizia na picha zako zote zinaenda.

Skrini ya bluu yenye kodi ya kosa (error code) tofauti kila mara, pima ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) kwanza: tafuta mdsched kwenye Start, ni kipimo cha ramu cha Windows yenyewe, chagua Restart now, inajiwasha upya na kupima yenyewe. Virusi navyo vipo, ila skani uvione kwanza ndo ufute.