Kabla ya Kuchemsha Kirukia, Uliza Kimeota Juu ya Mti Gani

Mijakaranda ya Nairobi inapopukutisha majani, tazama juu. Kwenye matawi makavu utaona vichaka vya kijani vilivyong'ang'ania, vingine na maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Hivyo ni virukia. Huota pia kwenye miovakado, migrivea, michungwa na migunga, na mkulima wa ovakado hana hamu navyo hata kidogo.

Kirukia hakina mizizi ardhini. Ndege hula tunda lake, mbegu yenye ute wa kunata ikagandamana na tawi, kisha ikachipua na kupenyeza kishina chake hadi kwenye mishipa ya mti. Hapo hufyonza maji na madini. Sukari hujitengenezea chenyewe kwa mwanga wa jua, maana kina majani ya kijani. Ni mpangaji anayejilipia stima ila maji huyaiba kwa jirani.

Wizi huo wa maji ndio unaonishughulisha kama mfamasia. Pamoja na maji hupita kemikali za mti uliobeba. Mwaka 1961 watafiti walieleza kwamba virukia vilivyoota juu ya oleanda vilikuwa na sumu za moyo zilezile za oleanda. Oleanda ni ule mti wa maua ya waridi au meupe ambao watu wengi hapa mjini wameupanda kando ya geti. Kisiwani Java, ambako kirukia cha mchai ni dawa ya kienyeji ya siku nyingi, wanakemia walikuta ndani yake kafeini ya mchai wenyewe. Kwa hiyo virukia viwili vya jamii moja, kimoja cha mchungwa na kingine cha oleanda, si dawa moja. Kimoja huenda kisikudhuru, kingine kikavuruga mapigo ya moyo.

Waganga wenye uzoefu walilijua hili kabla ya maabara. Wachina huthamini kirukia cha mforosadi. Nchini Nigeria, ambako virukia hutumika kwa presha, kisukari na maradhi mengine mengi, mganga hutaja mti kilikochumwa. Anayekuuzia unga kwenye karatasi bila kuweza kujibu swali hilo, mwache na unga wake.

Swali ninaloulizwa zaidi, hata hivyo, ni la saratani. Mtu amesoma kwenye simu kwamba Wazungu wanatibu saratani kwa kirukia, na nyumbani Rongai kuna kirukia kwenye mgunga. Kwa nini asichemshe?

Kirukia cha Ulaya kina historia ndefu. Katika karne ya kwanza mwandishi Plinio wa Roma aliandika jinsi makuhani wa Wagaul, watu wa kale wa Ufaransa, walivyopanda juu ya mwaloni na kukikata kwa mundu wa dhahabu. Matumizi yake kwa saratani ni ya juzi tu: mwaka 1917 daktari Ita Wegman, akifanya kazi Uswisi, alianza kuwapa wagonjwa kwa kufuata mawazo ya mwanafalsafa Rudolf Steiner. Leo nchini Ujerumani na Uswisi dondoo lake, yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea, huchomwa kwa sindano chini ya ngozi, mara nyingi sambamba na matibabu ya kawaida. Ndani yake kuna protini ziitwazo lektini, ndugu wa sumu ya mbegu za mbarika, ambazo huua seli kwenye chupa za maabara na kuamsha kinga ya mwili.

Lakini mgonjwa si chupa. Mapitio ya mwaka 2008 ya majaribio 21 hayakupata ushahidi imara kwamba dondoo hilo hurefusha maisha. Dalili za nafuu zilikuwepo, ila majaribio mengi yalikuwa dhaifu. Kisha mwaka 2013 utafiti uliofanyika Serbia uliripoti kwamba kati ya wagonjwa 220 wa saratani ya kongosho iliyokomaa, waliochomwa sindano hiyo waliishi muda mrefu zaidi. Habari hiyo ilienea sana. Tatizo ni kwamba kila mmoja alijua nani anapata dawa na nani hapati. Baadaye Sweden ilirudia kwa wagonjwa 290, safari hii nusu yao wakichomwa sindano isiyo na dawa na hakuna aliyejua ni nani. Tofauti haikuonekana, si katika urefu wa maisha wala katika ubora wake. Mimi naupa uzito utafiti wa Sweden.

Na hata kama matokeo yangekuwa mazuri, hayangekuhusu wewe na sufuria yako. Mmea wa Ulaya hauoti Nairobi. Virukia vyetu vingi ni vya familia nyingine kabisa, na protini ukizichemsha huharibika, zinazobaki tumbo huzimeng'enya. Aliyechomwa sindano kule na anayekunywa chai hapa hawatumii kitu kimoja.

Kwa presha na sukari hali ni tofauti kidogo. Dondoo za baadhi ya virukia vya Afrika zimeshusha sukari na presha kwa panya, hivyo sitamwambia mtu kwamba ni maji matupu. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ukiwa tayari unameza amlodipini ya presha au metiformini ya kisukari, kisha ukaongeza kitu chenye nguvu isiyopimwa, unaweza kuanguka njiani kabla hujafika stendi. Kizunguzungu, kutapika au moyo kupiga polepole ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Wajawazito wasiguse, na watoto wasiachiwe kuchezea matunda yake.

Kama unatumia tayari, mwambie daktari au mfamasia wako, hata kama unahisi atakukemea. Usisimamishe kemotherapi wala dawa za presha kwa ajili yake. Ukitaka kujua ni kirukia gani ulichonacho, kata kijitawi chenye majani na maua pamoja na kipande cha mti ambao kirukia kimeota juu yake, kibane kati ya magazeti kikauke, kisha ukipeleke Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa. Unga hautambuliki hivyo. Wataalamu wa mimea wanahitaji kuona jani na ua.