Uzoefu wa vitendo Marekani: mkono wa daktari mgeni unagusa nini?

Daktari aliyemaliza mwaka wa utarajali kwenye hospitali ya mkoa, Tanzania au Kenya, mara nyingi ameshatoa maji kifuani kwa sindano. Ameshasaidia kuweka mrija wa kifua, au ameuweka mwenyewe saa nane za usiku, kisha akachuchumaa kutazama chupa sakafuni kama inatoa mapovu. Siku akianza kuomba mafunzo ya ubingwa Marekani, anakutana na sharti hili: mwombaji awe na uzoefu wa kitabibu wa Marekani, ikiwezekana wa vitendo. Wengi hukasirika papo hapo, wakidhani wanaambiwa hawajawahi kumshika mgonjwa.

Sharti hilo halipimi ustadi wa mkono. Wanaoliweka wanauliza kama umewahi kufanya kazi ndani ya mfumo wao, mbele ya daktari wao, naye yuko tayari kuandika hivyo na kutia saini. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, hutolewa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, bila alama, kwa hiyo wanaochambua maombi wamebaki na mambo machache ya kuwatenganisha watu. Barua ya namna hiyo ni mojawapo.

Wanaolenga mapafu wana jambo jingine la kuelewa mapema. Kule huendi moja kwa moja kwenye ubingwa wa mapafu. Unaanza na magonjwa ya ndani ya watu wazima kwa miaka 3, ndipo unaomba ubingwa bobezi wa mapafu, ambao kwa kawaida huunganishwa na tiba ya wagonjwa mahututi na kuchukua miaka 3 mingine. Kwa hiyo wiki nne, kwa mfano, utakazokaa na daktari wa mapafu kupata uzoefu huo kabla ya yote hayo zinakufungulia, ukibahatika, mlango wa magonjwa ya ndani. Ni mahali pazuri pa kuzitumia hata hivyo, maana daktari huyo anaweza kuwa kliniki asubuhi, chumba cha bronkoskopi (kutazama njia za hewa kwa kamera) mchana na ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, jioni.

Sasa, "vitendo" yenyewe ina ngazi. Mwanafunzi ambaye hajahitimu anaweza kuomba elektivu, yaani zamu ya mafunzo ya kuchagua mwenyewe: chuo chake kinamtambulisha, bima inapangwa, naye anachukua historia, anapima na kuwasilisha mgonjwa kwenye raundi chini ya usimamizi. Ukishavaa joho, mlango huo umefungwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tano pale Muhimbili ana nafasi ambayo kaka yake aliyehitimu juzi hana, na inauma kuona wangapi wanalijua hili wakiwa wamechelewa.

Aliyehitimu hubaki na njia mbili. Observashipu ni kutazama: unasimama nyuma ya timu, unasikiliza, huweki stethoskopu kifuani kwa mgonjwa na huandiki neno kwenye faili lake. Eksternshipu inakuruhusu kuzungumza na mgonjwa, kumpima na kumweleza msimamizi unachofikiri. Hizi ni chache, na nyingi hupatikana kwenye kliniki binafsi kuliko hospitali kubwa. Sababu ni sheria zaidi ya dharau: leseni ya udaktari hutolewa na kila jimbo, bima ya makosa ya kitabibu haimfuniki mpita njia, na siri za mgonjwa zinalindwa na sheria iitwayo HIPAA, ya mwaka 1996.

Basi mkono unagusa nini? Mara nyingi ni vitu vidogo. Unampa mzee dawa yake ya kuvuta na kumwomba aoneshe anavyoitumia, halafu unamwona anabonyeza kwanza, anavuta pumzi baadaye, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Unasoma karatasi ya spirometa, mashine ya kupima pumzi: hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, ukiigawanya kwa hewa yote aliyoweza kutoa, ikibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, unaanza kufikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia hizo. Na unahesabu sigara. Nusu pakiti kwa siku kwa miaka 40 ni sawa na pakiti moja kwa miaka 20. Mwenye hesabu hiyo au zaidi, umri wa miaka 50 hadi 80, ambaye bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, anashauriwa kupigwa picha ya CT ya mionzi kidogo kila mwaka kutafuta saratani.

Hesabu hiyo ya pakiti kwetu huulizwa mara chache. Mtu akikohoa wiki mbili, akili inakimbilia makohozi na mashine ya GeneXpert, na ni sawa ikimbie, kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zilikuwemo kwenye orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Marekani picha ya kifua yenye tundu sehemu ya juu ya pafu inaweza kuzungukwa na madaktari vijana ambao kifua kikuu wamekisoma kitabuni tu. Mgeni aliyesimama ukutani asione haya kukitaja.

Wapo wanaouza nafasi hizi kwa dola, na neno "vitendo" huandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Kabla ya kulipa, uliza: nitamgusa mgonjwa au nitatazama? Viza yangu inaruhusu? Barua ataandika nani, na je, anafundisha madaktari wa mafunzo? Barua yenyewe anaipakia yeye kwenye mfumo wa maombi, na kwa kawaida mwombaji huachia haki ya kuisoma. Maombi huingia Septemba na majibu hutoka Machi, kwa hiyo wengi hupanga safari ili barua iwe tayari kabla ya Septemba.

Ukitazama, andika ulitazama. Kwenye usaili atakuuliza mtu, "Huyo mgonjwa ulimpima wewe?" Kama hukumpima, mwambie hivyo, kisha mweleze ulidhani ana nini na kwa nini.